2147483647: Namba Tasa Iliyopewa Kazi ya Kuhesabu Sekunde

Namba 2147483647 ina tarakimu kumi, na hakuna namba nzima inayoigawanya bila kuacha baki isipokuwa 1 na yenyewe. Kwa lugha ya darasani, ni namba tasa. Sifa hiyo peke yake isingeipa umaarufu, maana ukihesabu namba tasa zote kuanzia 2 mpaka uifikie, utakuwa umepita zaidi ya milioni 105. Kinachoipambanua ni umbo lake: chukua 2 thelathini na moja, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Wanahisabati huiandika 2³¹ − 1.

Utasa na umbo ni mambo mawili, hata kama katika namba hii yanaishi nyumba moja. Wanahisabati waliuhangaikia utasa wake kwa karibu karne mbili. Wahandisi wa kompyuta waliipokea kwa sababu ya umbo, bila kuuliza kama ni tasa au si tasa. Historia yake ni ya sifa hizo mbili: jinsi zilivyopishana, zikakutana, na sasa zinavyoanza kuachana.

Kutoka Aleksandria hadi Bologna

Mambo yalianza na swali lisilohusu namba kubwa hata kidogo. Wagiriki wa kale walivutiwa na namba ambazo ukijumlisha vigawo vyake, ukaiacha yenyewe, unairudia ileile. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Hizi tuziite namba timilifu.

Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid wa Aleksandria, Misri, alifunga kitabu cha tisa cha kazi yake kuu ya hisabati kwa njia ya kuzizalisha. Anza na 1, ongeza 2, ongeza 4, ongeza 8, endelea hivyo kwa kuongeza mara mbili ya namba iliyotangulia. Kila jumla inapokuwa namba tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyoongeza, na jibu litakuwa namba timilifu. Kwa mfano, 1 + 2 + 4 ni 7, ambayo ni tasa. 7 mara 4 ni 28. Jumla hizo daima huwa na umbo lilelile: 2 kwa kipeo fulani, toa 1. Hivyo swali la namba timilifu likageuka kuwa swali la vipeo: ni kipeo kipi kinachozaa namba tasa?

Sehemu ya jibu ni rahisi. Kipeo chenyewe lazima kiwe tasa, kwa sababu kipeo kinachogawanyika huzaa namba inayogawanyika. Kwa muda mrefu wengi walidhani kinyume chake pia ni kweli, kwamba kila kipeo tasa huzaa namba tasa. Mwaka 1536 Hudalricus Regius alionyesha kuwa sivyo: kipeo 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2047, na 2047 ni 23 mara 89.

Wagiriki walijua namba timilifu nne tu: 6, 28, 496 na 8128. Katika karne ya 13 mwanahisabati Mwislamu, Ismail ibn Fallus, aliandika jedwali la namba kumi alizodai ni timilifu. Saba za mwanzo ni sahihi. Tatu zilizofuata si sahihi. Namba timilifu ya nane, ile inayotokana na 2³¹ − 1, ndiyo iliyokuwa hatua inayofuata, na jedwali likakwama hapohapo mlangoni. Kazi yake haikuwafikia Wazungu, nao wakalazimika kuanza safari upya.

Aliyesafiri mbali zaidi kati yao alikuwa Pietro Cataldi wa Bologna. Mwaka 1588 alithibitisha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni namba tasa. Njia yake ilikuwa ya jasho: alitengeneza orodha ya namba tasa hadi 750, kisha akagawanya moja baada ya nyingine. Kwa 2¹⁹ − 1, ambayo ni 524287, orodha hiyo ilitosha, kwa kuwa kipeuo chake cha pili hakifiki 725, na namba isiyo na kigawo chini ya kipeuo chake cha pili haina kigawo tena kokote. Cataldi hakuishia hapo. Alidai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo huzaa namba tasa. Safari hii hakuwa na uthibitisho.

Kanuni ya Fermat

Madai ya Cataldi yalivunjwa moja baada ya jingine, na aliyeanza kuyavunja alikuwa mwanasheria wa Toulouse, Pierre de Fermat. Mwaka 1640 alieleza katika barua zake kanuni iliyobadilisha kazi nzima. Ikiwa kipeo n ni namba tasa kubwa kuliko 2, basi kigawo tasa chochote cha 2ⁿ − 1 lazima kiwe kigawe cha 2n kilichoongezwa 1. Namba nyingine zote unaweza kuzitupa bila hata kuzijaribu.

Chukua kipeo 37. Mara mbili yake ni 74, hivyo vigawo vinavyowezekana ni 75, 149, 223 na kuendelea. Namba 75 si tasa. Namba 149 inaacha baki. Namba 223 inagawanya sawasawa. Majaribio mawili tu yalitosha kuikata namba yenye tarakimu kumi na mbili. Kwa kipeo 23 kazi ilikuwa fupi zaidi, kwani mtuhumiwa wa kwanza kabisa, 47, ndiye aliyekuwa na hatia.

Miaka minne baadaye, mtawa wa Paris aitwaye Marin Mersenne, aliyekuwa akiandikiana barua na wasomi wa Ulaya nzima, alichapisha orodha ya vipeo. Alisema kwamba hadi 257, vinavyozaa namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na vingine havimo. Hakutoa uthibitisho, na baadaye ikaonekana kwamba amekosea mara tano: 67 na 257 havikustahili kuwamo, huku 61, 89 na 107 vikiwa vimeachwa nje. Hata hivyo ujasiri wa orodha ile uliwapa watu kazi ya karne tatu, na mpaka leo namba tasa za umbo hili huitwa namba za Mersenne.

Mwaka 1738 Leonhard Euler alikivunja kipeo 29 kwa kuonyesha kwamba 2²⁹ − 1 ni 233 mara 1103 mara 2089. Katika madai ya Cataldi, likabaki moja tu: 31.

Hesabu ya mtu asiyeona

Euler alilijibu dai hilo akiwa Saint Petersburg mwaka 1772, katika barua kwa mmoja wa wanahisabati wa ukoo wa Bernoulli. Alikuwa na umri wa miaka 65 hivi, na baada ya upasuaji wa jicho uliofanyika mwaka uliotangulia kushindwa kumpa nafuu ya kudumu, alikuwa karibu kipofu kabisa. Hesabu alizifanya kichwani, na wasaidizi wakaandika.

Angefuata njia ya Cataldi, angehitaji kujaribu kila namba tasa hadi 46340, ambako ndiko kipeuo cha pili cha 2147483647 kinakoangukia. Hizo ni karibu 4800. Kanuni ya Fermat ilimpunguzia: kigawo lazima kiache baki 1 kinapogawanywa kwa 62. Euler akaongeza sharti lake mwenyewe, kwamba kigawo hicho lazima kiache baki 1 au 7 kinapogawanywa kwa 8. Unganisha masharti hayo mawili na utapata moja lenye nguvu: kigawo lazima kiache baki 1 au 63 kinapogawanywa kwa 248.

Tazama jinsi chujio hilo linavyofanya kazi. Namba za mwanzo zinazopita ni 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1055, 1241 na 1303. Nyingi kati yake si tasa: 249 ni 3 mara 83, 497 ni 7 mara 71, 1241 ni 17 mara 73. Zinazobaki za kujaribiwa ni 311 na 1303 tu. Ukigawanya 2147483647 kwa 311 unapata 6905092, baki 35. Ukigawanya kwa 1303 unapata 1648107, baki 226. Zote mbili zimeshindwa. Unaendelea hivyo hadi 46340, na namba tasa unazolazimika kujaribu hazifiki mia moja. Kila moja inaacha baki.

Hivyo 2147483647 ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, ikaipokonya taji 524287 ya Cataldi iliyokuwa imelivaa kwa miaka 184. Pamoja nayo ikapatikana namba timilifu ya nane, 2305843008139952128.

Unabii wa Barlow

Mwaka 1811 Peter Barlow, mwalimu wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza, alichapisha kitabu cha nadharia ya namba. Alipofika kwenye namba timilifu ya Euler, aliandika kwamba huenda hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa. Hakusema kwamba kubwa zaidi haziwezi kuwapo. Hoja yake ilikuwa kwamba namba hizi ni za kutosheleza udadisi tu, hazina faida, kwa hiyo hakuna mtu atakayejisumbua kuzitafuta.

Unabii huo ulidumu miaka 65. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, namba ya tarakimu 39, ni tasa. Hakuna maisha ya binadamu yanayotosha kuigawanya kwa mkono namba ya ukubwa huo, na Lucas hakuigawanya. Alibuni kipimo kinachotambua utasa bila kutafuta kigawo hata kimoja. Mmarekani Derrick Henry Lehmer alikisafisha katika miaka ya 1930, na hivi ndivyo kilivyo: anza na 4, ipigie mraba, toa 2, chukua baki baada ya kugawanya kwa namba unayoipima, rudia. Idadi ya marudio ni kipeo toa 2. Ukimaliza na baki 0, namba ni tasa. Vinginevyo si tasa.

Kipime kwa 2⁵ − 1, yaani 31. Kipeo ni 5, hivyo marudio ni matatu. Kutoka 4 unapata 14. Kutoka 14 unapata 194, ambayo baki yake kwa 31 ni 8. Kutoka 8 unapata 62, ambayo baki yake ni 0. Namba 31 ni tasa. Kwa namba ya Euler marudio ni 29 tu.

Mwaka 1883 padri wa Urusi, Ivan Pervushin, alithibitisha kipeo 61 ambacho Mersenne alikisahau. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole aliwaonyesha wenzake mjini New York kwamba 2⁶⁷ − 1 ni 193707721 mara 761838257287, na Mersenne akaumbuka tena. Kisha tarehe 30 Januari 1952, programu ya Raphael Robinson iliyoendeshwa kwenye kompyuta ya SWAC huko Los Angeles ilipata namba mbili mpya za Mersenne siku hiyohiyo, ya kwanza ikiwa 2⁵²¹ − 1. Tangu hapo kalamu na karatasi zikawekwa kando.

Biti thelathini na mbili

Kompyuta ilikuwa imekuja kuzitafuta namba hizi, lakini moja kati yake ikajikuta imeingia ndani ya mashine. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza familia ya kompyuta za System/360. Ndani yake baiti moja ilikuwa na biti nane, kila biti ikiwa tarakimu ya 0 au 1, na neno kamili baiti nne, yaani biti 32. Mpangilio huo ukaenea karibu kote.

Biti moja ya mbele hutumika kuonyesha kama namba ni hasi au chanya. Zinabaki 31. Zote zikiwa 1, unasoma namba kubwa kuliko zote ambayo neno hilo linaweza kubeba: 2³¹ − 1. Aliyechagua baiti nne hakuwa akimfikiria Euler. Angechagua baiti mbili, kikomo kingekuwa 2¹⁵ − 1, ambayo ni 32767, yaani 7 mara 31 mara 151. Kompyuta isingejali.

Lakini kuna kazi moja ambako utasa ulikuwa na maana. Wanaoiga mambo ya kubahatisha kwa kompyuta, kuanzia foleni za benki hadi mwendo wa chembe za atomu, huhitaji mfululizo wa namba zisizotabirika kirahisi. Njia aliyoipendekeza Lehmer yuleyule ni kuzidisha namba kwa kizidisho maalumu, kugawanya kwa namba fulani na kuchukua baki, kisha kurudia. Mwaka 1969 Lewis, Goodman na Miller walichagua 2147483647 kuwa kigawanyo na 16807 kuwa kizidisho, kwa ajili ya System/360.

Hapa ndipo sifa zile mbili zilipokutana. Kwa kuwa namba ni tasa, kizidisho kinachofaa hupita katika kila namba kuanzia 1 hadi 2147483646, bila kurudia hata moja, kabla ya kurudi ilipoanza. Kizidisho 16807, ambacho ni 7 kwa kipeo cha 5, kinafaa. 2 hakifai, kwani kingezunguka hatua 31 tu. Na kwa kuwa namba ina umbo la 2³¹ − 1, kupata baki hakuhitaji kugawanya: unakata biti na kujumlisha. Ukianza na 1, zinafuata 16807, 282475249, 1622650073. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza njia hii kuwa kiwango cha chini ambacho programu yoyote inapaswa kukifikia, na wakatoa kipimo: ukianza na 1, baada ya hatua 10000 lazima upate 1043618065. Usipoipata hiyo, kuna mahali umekosea.

Kikomo kinapofikiwa

Ukijumlisha 1 kwenye 2147483647 ndani ya biti 32, nyingi ya mashine zetu hazisemi kwamba nafasi imejaa. Biti ya alama inageuka na namba inakuwa hasi 2147483648, kama mita ya gari kuukuu inayofika mwisho wa tarakimu zake na kuanza upya, ila hii inaanzia upande wa madeni.

Mwishoni mwa mwaka 2014 video ya wimbo wa Gangnam Style ya msanii PSY ilikaribia kutazamwa mara nyingi kuliko kikomo hicho, na YouTube ikalazimika kupanua kihesabio chake. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza kwamba ndege za Boeing 787, aina ileile inayorushwa na Kenya Airways na Air Tanzania, zizimwe umeme kila baada ya muda. Iligundulika kwamba zikiachwa na umeme kwa siku 248 mfululizo, kihesabio ndani ya vidhibiti vya jenereta hujaa, na jenereta zote zinaweza kujizima kwa pamoja. Fanya hesabu: ukihesabu kila sehemu moja ya mia ya sekunde, 2147483647 hutimia baada ya siku 248 na nusu hivi.

Hata duka la kawaida halijasalimika. Programu inayotunza fedha kwa senti ndani ya biti 32 haiwezi kuvuka shilingi 21474836 na senti 47. Kwa shilingi ya Tanzania, hiyo ni bei ya gari lililotumika.

Siku iliyo maarufu zaidi bado iko mbele. Mifumo ya Unix na jamaa zake huhesabu muda kwa sekunde tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa. Mifumo ya zamani iliziweka sekunde hizo ndani ya biti 32. Sekunde ya 2147483647 itaanguka Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi na sekunde 7 kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, kifaa ambacho hakijarekebishwa kitaamini kwamba ni Desemba 1901, mwezi ambao reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria. Simu na kompyuta mpya hazina tatizo hilo. Linalosumbua ni vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani au ndani ya mitambo, ambavyo hakuna anayekumbuka kuvifungua.

Warithi wawili

Dawa inajulikana: biti 64. Kikomo chake ni 2⁶³ − 1, yaani 9223372036854775807. Kwa sekunde, hiyo ni miaka kama bilioni 292, na hakuna atakayelalamika. Ila mrithi huyu si tasa. Kipeo 63 kinagawanyika kwa 3, hivyo namba yenyewe inagawanyika kwa 2³ − 1, yaani 7. Ukipanga vikomo vya biti 8, 16, 32, 64 na 128 utaona vinapishana: vipeo 7, 31 na 127 vinazaa namba tasa, 15 na 63 havizai. Ya biti 128 ndiyo ileile iliyothibitishwa na Lucas.

Kazi ya kuhesabu, basi, imehamia kwa namba isiyo tasa. Kazi ya kubahatisha imebaki kwenye ukoo wa Mersenne. Mzunguko wa namba bilioni mbili ulikuja kuonekana mfupi mno, na mwaka 1998 Wajapani Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura walichapisha njia yenye mzunguko wa urefu wa 2¹⁹⁹³⁷ − 1, namba tasa ya tarakimu 6002. Ndiyo iliyomo katika lugha za programu za Python na R. Bryant Tuckerman wa IBM aliithibitisha namba hiyo mwaka 1971 kwa sababu tu ilikuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati huo.

Kati ya uthibitisho wa Euler na kazi ya kwanza ya namba yake ndani ya kompyuta zilipita karibu karne mbili. Kwa namba ya Tuckerman ilipita miaka 27. Tarehe 12 Oktoba 2024 Luke Durant, mmoja wa watu wa kujitolea wanaounganisha kompyuta zao katika mradi wa GIMPS wa kuzitafuta namba za Mersenne, ulioanza mwaka 1996, alipata 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41024320. Kwa kanuni ya Euclid, imeleta na namba yake timilifu, ambayo ni ya 52 kujulikana. Kazi nyingine bado haijapewa.